Ukuta Mmoja, Mistari Minne: Nani Huamua Sura ya Ukuta Kwenye Modeli ya Jengo?

"Injinia, hapa nisimamishe ukuta mmoja au miwili?"

Aliyeniuliza ni fundi mwashi, mtu wa umri wa baba yangu, akiwa ameshika karatasi mbili za nyumba ileile. Kwenye karatasi ya kwanza, ramani ya sakafu kwa skeli ya 1:100, ukuta wa sebule ulikuwa mistari miwili minene, katikati imejazwa kijivu. Kwenye ya pili, kipande cha ukuta huohuo kwa skeli ya 1:20, mistari ilikuwa minne: miwili imekaribiana upande huu, miwili imekaribiana upande ule, na katikati uwazi mpana. Mzee alisoma kile alichokiona: ukuta mwembamba, nafasi, kisha ukuta mwembamba mwingine. Kamba ilikuwa mkononi, tayari kufungwa.

Lilikuwa swali la haki kabisa. Karatasi zote mbili zilitoka kwenye faili moja, kompyuta moja, asubuhi moja. Ukuta ulikuwa mmoja tu, wa tofali la sementi la inchi 6, umepigwa lipu ndani na nje. Kilichotofautiana ni jinsi programu ya kuchorea majengo ilivyouonyesha kila mara ilipoambiwa iuonyeshe.

Tangu siku ile nimekuwa nikilisikia swali hilo kwa sura nyingi. Mwenye nyumba anatumiwa PDF kwenye WhatsApp, anapiga simu kuuliza mbona ukuta wa choo umekuwa mwembamba kuliko jana. Mwanafunzi wa ubunifu majengo anakesha akitafuta kwa nini kona ya jengo ina mstari asioutaka. Kijana wa ofisini anaapa kwamba programu imeharibika, anaomba iondolewe na kuwekwa upya. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Programu inatii amri, ila amri zenyewe ni nyingi, zimetolewa na watu tofauti mahali tofauti, na aliyekaa mbele ya kompyuta hajui ni ipi inayotawala.

Mstari usiochorwa na mtu

Waliojifunza kuchora kwenye ubao, na hata waliokuja baadaye na AutoCAD, programu ya kuchora mistari kwa kompyuta iliyotoka mwaka 1982, walizoea jambo moja: mstari ni mstari. Umeuchora, upo. Ukitaka unene mwingine, unaushika na kuubadilisha. Ukiufuta, umekwenda.

Programu za modeli ya jengo hazifanyi hivyo. Revit, iliyoanza kuuzwa mwaka 2000 na kununuliwa na Autodesk mwaka 2002, na ArchiCAD ya kampuni ya Graphisoft ya Budapest, zote mbili zinakutaka ujenge ukuta. Unaupa urefu, kimo na unene, unaueleza umetengenezwa kwa nini, kisha programu yenyewe inatoa mistari kila unapoutazama. Ukiutazama kutoka juu, inatoa mistari hii. Ukiutazama kwa mbele, inatoa mingine.

Kwa hiyo kuna maneno machache ya kushika kabla ya kuendelea. *Modeli* ni jengo lenyewe ndani ya kompyuta. *Mwonekano* ni namna moja ya kulitazama: ramani ya sakafu ni mwonekano, sura ya mbele ni mwonekano, na jengo moja laweza kuwa na mionekano mia. *Mkato* ni pale jengo linapopasuliwa kwa kisu cha kufikirika ili tuone ndani. *Tabaka* ni kila kitu kinachounda unene wa ukuta: lipu, tofali, lipu. Na *kalamu* ni unene wa mstari, ambao ndani ya programu hupewa namba.

Chukua papai. Likiwa zima mezani unaona umbo lake tu, ganda la nje. Likate kwa upana, na pale kisu kilipopita unaona ganda, nyama na mbegu. Papai halijabadilika, ila sasa lina nyuso za aina mbili: uso uliokatwa na uso unaotazamwa tu. Ukuta ni hivyohivyo. Ndiyo maana aina nyingi za vitu ndani ya Revit, kuta zikiwemo, zina kalamu mbili: moja ya pale kitu kilipokatwa, nyingine ya pale kinapoonekana bila kukatwa. Ukuta uliokatwa hupewa mstari mnene, kwa sababu jicho la msomaji linatakiwa kutua hapo kwanza. Kingo ya kibaraza iliyo chini ya kisu hupata mstari mwembamba. Ukibadilisha kalamu ya kutazamwa huku ukuta wako umekatwa, hutaona badiliko lolote. Hapo ndipo wengi huanza kuilaumu programu.

Kisu kinapita wapi?

Kwenye ramani ya sakafu ya Revit, kisu kwa kawaida hupita milimita 1200 juu ya sakafu. Kimo hicho kimechaguliwa kwa sababu hukata milango na madirisha mengi ya kawaida. Lakini dirisha la choo au bafu mara nyingi huwekwa juu zaidi, kwa ajili ya faragha. Kisu kinapita chini yake, kwa hiyo kinakutana na ukuta mtupu, na mistari ya ukuta inapita moja kwa moja kana kwamba hakuna dirisha. Mwenye nyumba anasema dirisha limesahauliwa. Halijasahaulika. Dawa yake ni kuizungushia sehemu ile ya choo mpaka wake wenyewe na kuipa kimo kingine cha mkato, huku nyumba nzima ikibaki na 1200. Ukiinua mkato wa nyumba yote kwa ajili ya dirisha moja, waweza kuharibu madirisha ya sebuleni.

Kuna kanuni nyingine hapa ambayo haionekani popote kwenye skrini, na imewapotezea watu siku nzima. Ukuta wenye kimo cha chini ya mita 2 hivi, Revit haiukati kwenye ramani ya sakafu hata kama kisu kinaupitia katikati. Tuseme jiko lina ukuta mfupi wa kaunta, kimo chake mita 1.3. Kisu kiko 1.2. Kwa hesabu ya kawaida ungepaswa kukatwa na kupata mstari mnene. Haukatwi. Unaonyeshwa kwa kalamu ya kutazamwa, mwembamba, bila mjazo. Utabadilisha kalamu ya mkato mpaka uchoke. Binafsi naona kanuni hiyo ina busara: ukuta unaoweza kuchungulia juu yake haupaswi kufanana kwenye karatasi na ukuta unaobeba paa. Ila ni vizuri kuijua kabla ya kuanza kuhangaika nayo.

Milimita 15 kwenye karatasi

Sasa turudi kwa mzee na mistari yake minne, maana hapa ndipo kiini cha jambo kilipo.

Kila mwonekano kwenye Revit una kiwango chake cha undani, na viko vitatu: cha juujuu, cha kati na cha kina. Kwenye kiwango cha juujuu ukuta huonyeshwa kwa mistari ya nje tu, na ndani unajazwa rangi au michoro uliyoichagua kwenye aina ya ukuta huo. Kwenye cha kati na cha kina tabaka zote hujitokeza. Kwa kuta za kawaida viwango hivi viwili havina tofauti, kwa hiyo anayehama kutoka cha kati kwenda cha kina akitarajia kuona zaidi atangoja bure.

Je, uonyeshe tabaka au usionyeshe? Wengi hujibu kwa hisia: mchoro wenye mistari mingi unaonekana wa kitaalamu. Mimi nasema fanya hesabu. Lipu ya milimita 15, kwa skeli ya 1:100, inakuwa milimita 0.15 kwenye karatasi. Kalamu ya mstari wa ukuta uliokatwa mara nyingi ni 0.35 au 0.5. Maana yake unataka kuweka mistari miwili, kila mmoja na unene wa 0.35, ikiwa imepishana kwa 0.15 tu. Haiwezekani. Itapandana na kuwa utepe mmoja mweusi. Kwenye skrini utaikuza na kuiona vizuri, lakini karatasi haina gurudumu la kukuzia.

Kwa 1:50 lipu hiyohiyo inapata milimita 0.3, bado finyu. Kwa 1:20 inapata 0.75, na hapo mistari miembamba inaweza kukaa kila mmoja mahali pake na macho yakaitenganisha. Ndiyo sababu ukuta wa mzee ulikuwa wa mistari miwili kwenye 1:100 na minne kwenye 1:20. Hakuna karatasi iliyokosea. Kosa letu sisi wachoraji lilikuwa kwamba kwenye ile ya 1:20 mistari yote minne ilikuwa na unene mmoja.

Hapo ndipo kalamu zinapofanya kazi yake. Uso wa tofali unabeba jengo, kwa hiyo mstari wake unapaswa kuwa mnene. Uso wa lipu ni ngozi, unatosha mstari mwembamba. Revit inatoa njia mbili. Ya kwanza ni ya jumla: chini ya kundi la kuta kwenye mipangilio ya mradi kuna kifungu cha mistari ya kati ya tabaka na tabaka, nacho kina kalamu yake. Ukikipa kalamu nyembamba, mistari yote ya ndani inalegea kwa pamoja, lakini ule wa nje kabisa unabaki mnene, yaani lipu inapata uzito kuliko tofali. Ya pili ni ya mwonekano mmoja mmoja: bonyeza V mara mbili, na kwenye dirisha linalofunguka kuna mahali pa kuruhusu tabaka za kuta, sakafu, dari na paa zipewe mistari yake zenyewe. Hapo unaambiwa utaje kalamu kwa kila kazi ya tabaka: ile inayobeba mzigo, ile ya kuegemeza, ya kuzuia joto, ya umaliziaji wa nje na ya umaliziaji wa ndani. Mpe mbebaji kalamu nene na umaliziaji kalamu nyembamba, kisha chapisha. Tofali linasimama, lipu inajibanza kandoni. Hata asiyejua kusoma michoro anaona ni ukuta mmoja uliovaa nguo.

ArchiCAD ina njia iliyo rahisi zaidi hapa, nayo naipenda: inakuruhusu kuonyesha kiini cha ukuta pekee, bila umaliziaji, kwenye mwonekano unaoutaka. Mwashi anapata karatasi ya matofali matupu, fundi wa lipu anapata yenye vyote.

Na jambo hili si la urembo. Chumba chenye upana wa milimita 3000 kutoka lipu hadi lipu kina milimita 3030 kutoka tofali hadi tofali. Mwashi akifunga kamba kwenye 3000 akidhani mistari aliyoiona ni ya tofali, lipu ikija chumba kinabaki 2970. Seremala naye atakuwa amekwisha kutengeneza kabati la ukuta mzima kwa kipimo cha kwenye ramani, 3000. Kabati haliingii.

Namba ya kalamu si milimita

Nimeona watu wakiandika namba 5 wakitegemea mstari wa nusu milimita. Namba ya kalamu ni kama namba ya jezi. Namba 10 ni mchezaji fulani katika timu fulani, wala haimaanishi ana urefu wa futi kumi. Revit ina kalamu 16 za mistari ya modeli, na kuna jedwali linaloeleza kila kalamu ina unene gani kwa kila skeli. Kalamu ileile yaweza kuwa nene kwenye 1:20 na nyembamba kwenye 1:200, kusudi mchoro mdogo usijae wino. Kwa hiyo ukibadilisha skeli ya mwonekano kutoka 1:50 kwenda 1:100, kuta zaweza kukonda mbele ya macho yako bila wewe kugusa kuta. Mistari ya vipimo na maandishi ina jedwali lake, ambalo halifuati skeli. ArchiCAD nayo ina kalamu 255, zikiwa zimepangwa kwenye seti, na ukibadilisha seti, kalamu namba ileile inapata unene na rangi nyingine.

Unene wenyewe una mpangilio wa kimataifa wa tangu enzi za kalamu za wino: 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7. Ukigawanya kila mmoja kwa ule uliotangulia unapata takriban 1.4. Huo ndio uwiano wa urefu wa karatasi ya A4 na ule wa A3. Ukikuza mchoro wa A4 kuwa A3, mstari wa 0.25 unakuwa 0.35, kalamu inayofuata kwenye orodha. Waliopanga hivyo walikuwa wanafikiria watu wa kunakili na kukuza karatasi. Nitalirudia jambo hili mwishoni, maana kwetu lina uzito.

Kabla hatujaondoka kwenye kalamu, kuna kitufe kimoja kinachozua ugomvi ofisini. Ukibonyeza T kisha L, Revit inaonyesha mistari yote ikiwa myembamba sawasawa. Hiyo ni ya skrini tu, ya kumsaidia mtu afanye kazi kwenye kona finyu. Plota, yaani printa ya karatasi kubwa, haiijali. Anayeacha kitufe hicho kimewashwa siku nzima anaona ramani safi, kisha karatasi inatoka nzito na nyeusi, naye anasema plota imeharibu kazi yake. Kabla ya kuhukumu mistari, zima kwanza hicho kitufe.

Kona zinazogoma kusafishika

Kuta mbili zinapokutana, programu inaamua mistari ipi ifutike na ipi ibaki. Haiamui ovyo. Kwenye Revit kila tabaka ina cheo kulingana na kazi yake, kuanzia 1 kwa inayobeba mzigo hadi 5 kwa umaliziaji wa ndani. Tabaka ya cheo cha juu inapita katikati ya zile za chini na kumkuta mwenzake. Tofali linapasua lipu na kuungana na tofali, kama fundi afanyavyo kweli kwenye jengo. Kwenye ArchiCAD cheo hicho kinawekwa kwenye malighafi yenyewe, kwa namba kuanzia 0 hadi 999, na mwenye namba kubwa anapita.

Mstari usiotakiwa unapobaki kwenye kona, mara nyingi sababu ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tofali la ukuta huu linaitwa "Tofali" na la ukuta ule linaitwa "Tofali 2". Mtu alinakili ukuta kutoka mradi mwingine, akaja nao na malighafi yake. Kwako wewe ni tofali lilelile. Kwa programu ni vitu viwili tofauti, na kati ya vitu viwili tofauti lazima kuwe na mstari. Zipe kuta zote mbili malighafi moja na mstari unaondoka kwenye kila mwonekano kwa mara moja. Mara nyingine tabaka zimepewa vyeo visivyolingana, au mwonekano umeambiwa usafishe kona za kuta za aina moja pekee, au mtu amezikataza ncha za ukuta zisiungane. Zitazame kwa mpangilio huo.

Usifanye nilichofanya mimi mwaka wangu wa kwanza kazini. Kona ilikuwa na mstari, muda ulikuwa umekwisha, nikaweka kipande cheupe juu yake kuuficha. Kwenye karatasi ilipendeza. Wiki mbili baadaye mteja aliomba chumba kiongezwe upana, ukuta ukasogezwa milimita 300. Kipande cheupe hakikusogea. Kilibaki palepale, safari hii kikiwa kimefunika sehemu ya ukuta mwingine, na karatasi ikaenda eneo la kazi ikiwa na uwazi unaofanana na mlango usio na mlango. Aliyegundua ni mkadiriaji majenzi, kwa sababu matofali ya kwenye hesabu yalikuwa zaidi ya matofali ya kwenye mchoro. Modeli ilikuwa sahihi muda wote. Niliyeifanya iseme uongo ni mimi.

Nani ana kauli ya mwisho?

Fikiria sare za shule. Shule imesema wanafunzi wote wavae shati jeupe. Hiyo ni kanuni ya jumla. Ijumaa, kidato cha pili wana michezo, wanavaa fulana. Ndani ya kidato hicho, walio kwenye timu wamevaa jezi. Na mmoja wa timu ameumia mguu, amevaa kandambili. Ukienda kwa mkuu wa shule kumwomba abadilishe kanuni ya viatu, yule wa kandambili hataguswa. Ruhusa yake ilitolewa karibu zaidi.

Kwenye Revit ni hivyo. Chini kabisa kuna mipangilio ya mradi mzima: kuta zote, kalamu hii. Juu yake kuna mipangilio ya mwonekano, lile dirisha la V mara mbili. Juu yake kuna mipangilio ya awamu za ujenzi. Juu yake kuna vichujio, mfano "kuta zote za kuzuia moto ziwe nyekundu". Juu yake kuna amri iliyotolewa kwa ukuta mmoja tu kwenye mwonekano mmoja. Na juu kabisa kuna kifaa cha kubadilisha ukingo mmoja wa mstari mmoja, kinachofunguka kwa L na W.

Awamu ndizo huwachanganya watu zaidi. Kwenye ukarabati, tuseme wa nyumba ya mawe ya matumbawe Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuna kuta zilizokuwepo, zitakazobomolewa na mpya. Programu inaruhusu kila kundi lipate sura yake: za zamani kijivu, za kubomolewa kwa mistari ya vipandevipande, mpya kwa mistari minene. Mtu anafungua lile dirisha la mwonekano, anaweka kuta ziwe nyeusi, anafunga, na kuta za zamani zinabaki kijivu. Anarudia. Zinabaki. Hajakosea kubonyeza. Awamu ina kauli juu ya dirisha hilo, na huko ndiko rangi inakobadilishwa.

Kuna pia kiolezo cha mwonekano, ambacho ni kama mkataba: mionekano yote iliyopewa kiolezo hiki itafuata mipangilio hii. Ukikuta vitufe vimefifia na havibonyezeki, ni kwamba mwonekano wako uko chini ya kiolezo. Usikimbilie kukiondoa. Ofisi iliyoweka kiolezo ilitaka ramani 20 za ghorofa 20 zifanane, na ukikivua kwenye moja, hiyo moja itakuwa imejitenga kimyakimya. Ama badilisha kiolezo chenyewe kwa makubaliano, ama tengeneza kingine kwa kazi yako.

Ninavyofanya mimi ni kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mstari una sura nisiyoitaka: je, kuna aliyeubadilisha kwa mkono? Kuna kichujio? Awamu? Dirisha la mwonekano? Kiolezo? Nikimkuta mwenye amri, namrekebisha yeye. Na ninapoweka amri mpya, naiweka chini kadiri inavyowezekana, kwenye mradi au kwenye kiolezo, kwa sababu ya mkono hakuna atakayeikumbuka miezi sita ijayo.

Karatasi inayofika eneo la kazi

Nimesema nitarudi kwenye kunakili. Sisi hupanga mistari tukifikiria karatasi ya A1 iliyotoka kwenye plota. Lakini inayofika kwa fundi mara nyingi ni A3 iliyochapishwa steshenari, au nakala ya nakala. Kutoka A1 hadi A3 kila kitu kinapungua nusu. Skeli ya 1:50 inakuwa 1:100, lipu iliyokuwa na milimita 0.3 inarudi 0.15, na mstari wa 0.18 unakuwa 0.09, ambao mashine ya kunakili iliyochoka inauacha njiani. Mstari wa tofali unabaki, wa lipu unapotea kwenye kuta tatu na kubaki kwenye ya nne, na fundi anabaki kukisia.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kutuma michoro, nachapisha ukurasa mmoja kwenye A3, wenye ukuta uliokatwa, kona na dirisha, kisha naunakili mara moja kwenye mashine ya kawaida. Kisichosomeka hapo nakirudisha kwenye kiolezo na kukiongezea kalamu. Na kwenye ramani ya kufungia kamba, vipimo vyote sasa naviweka kutoka uso wa tofali hadi uso wa tofali, na kuandika hivyo pembeni kwa herufi kubwa.

Yule mzee nilimpelekea karatasi mpya siku iliyofuata. Tofali kalamu nene, lipu kalamu nyembamba, 15, 150, 15 zimeandikwa juu yake. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kwenye karatasi. Aliweka kidole kwenye mstari mnene, akausindikiza hadi kwenye kona, kisha akamwita kijana wake avute kamba.